Anza na mtungi: kuingia kwenye kazi ya sera za maji ukiwa kijana Nairobi

Kijana akiniuliza namna ya kuingia kwenye kazi ya sera za maji, huwa namrudishia swali: kwenu mtungi ni pesa ngapi? Wengi hukwama hapo. Wanajua Stockholm kuna wiki ya maji kila Agosti, wanajua lengo namba 6 la maendeleo endelevu kwa moyo, lakini bei ya mtungi wa lita 20 nje ya ploti yao wamemwachia mama aijue.

Nami nilianza hivyo hivyo, nikiwa na maneno makubwa na mfuko mtupu. Haya ninayoyaandika ni kwa ajili yako uliye Kayole, Githurai, Kibra au South B, uliyemaliza chuo au uliyeishia kidato cha nne, na ambaye huna mjomba City Hall.

Hatua ya 1: Fuata bomba mpaka linakotoka

Maji ya Nairobi hayatoki Nairobi. Mengi yanatoka Murang'a, kwenye bwawa la Ndakaini lililokamilika mwaka 1994, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Yanasafishwa Ngethu kisha yanateremka mjini. Mengine ni ya Sasumua kule Nyandarua, ya bwawa la Ruiru, na ya chemchemi za Kikuyu, ambazo ndizo kongwe kuliko zote. Juu ya hayo kuna lile handaki la karibu kilomita 12 linalokusanya maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyaelekeza Ndakaini. Ukiwa na nauli, panda matatu ya Thika uende ulione bwawa kwa macho yako. Utakutana na wakulima wa chai walioishi na bwawa hilo miaka yote na ambao nao wana maswali yao kuhusu nani anakunywa. Mtetezi wa maji Nairobi asiyejua kwamba Murang'a kuna malalamiko ataaibika siku moja mbele ya watu.

Ukishajua njia ya maji, jua njia ya madaraka. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi: huduma za maji na maji taka ni za kaunti, na ulinzi wa vyanzo pamoja na usalama wa mabwawa ni wa serikali ya kitaifa. Kwa hapa kwetu, Kampuni ya Maji na Maji Taka ya Jiji ndiyo inayokuletea bili, na mwenye kampuni hiyo ni kaunti. Wakala wa Athi ndio unaojenga miradi mikubwa ya Nairobi, Kiambu na Murang'a. WRA, yaani mamlaka ya rasilimali za maji, hutoa vibali vya kuchota maji mtoni na kuchimba visima. WASREB, bodi ya udhibiti wa huduma za maji, husimamia kampuni za maji na kuidhinisha bei. Mtu akinyimwa kibali au akiona ameonewa katika uamuzi wa aina hiyo, kuna Mahakama Maalum ya Maji.

Unaweza kuona haya ni mambo ya kukariri tu. Mimi nilipoteza karibu miezi minne nikiandikia ofisi isiyokuwa na uwezo wowote juu ya bomba la mtaa wetu. Walikuwa wakinijibu kwa adabu sana, nami nikidhani adabu ile ni maendeleo.

Hatua ya 2: Weka daftari

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Nunua daftari la kawaida, lile la kurasa 96. Chagua vioski vitatu au mifereji mitatu unayoweza kuifikia kwa miguu kila siku. Kwa siku tisini, andika: tarehe, saa, kama maji yalikuwepo, bei ya mtungi, watu wangapi kwenye foleni, na kama aliyeuza ni mwenye kioski au ni kijana wa mkokoteni. Acha safu moja ya mambo yasiyotarajiwa: bomba limepasuka, maji yana harufu, transfoma imelipuka kwa hivyo pampu ya kisima haifanyi kazi. Usiruke siku za Jumapili. Siku za Jumapili ndizo watu wanafua, na bei huonyesha tabia yake halisi.

Kisha fanya hesabu moja ambayo itakufaa maisha yako yote: mitungi 50 ya lita 20 ni mita moja ya ujazo. Mtungi ukiuzwa shilingi 5, mita moja ya ujazo inamgharimu mama wa mtaani shilingi 250. Ukipanda hadi 20 wakati wa mgao, ni shilingi 1,000. Mashine za maji za kadi zilipowekwa Mathare mwaka 2015, zilikuwa zikitoa mtungi kwa senti 50, yaani shilingi 25 kwa mita moja ya ujazo. Sasa tafuta bili ya mtu anayekaa kwenye nyumba yenye mita yake, Kilimani au Lang'ata, ugawanye jumla kwa idadi ya mita za ujazo alizotumia. Weka namba hizo pamoja kwenye ukurasa mmoja. Ukurasa huo utakufungulia milango ambayo shahada haikukufungulia, kwa sababu maafisa wengi wana ripoti za jiji zima na hawana ya mtaa wako.

Usiandike jina la muuzaji wala kumpiga picha bila ruhusa yake. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Ukiwa na simu nzuri, hamisha daftari kwenye lahajedwali kila Jumamosi. Programu ya bure ya KoboToolbox inakusanya majibu hata mtandao ukiwa umekatika, na QGIS itakuchorea ramani. Lakini usikimbilie ramani kabla ya daftari. Nimeona ramani nyingi za kupendeza za mifereji ambayo haijatoa maji tangu siku ya uzinduzi.

Hatua ya 3: Soma sheria chache, uzisome kweli

Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha, na ya kiwango cha kuridhisha cha usafi wa mazingira. Ibara ya 10 imeuweka ushiriki wa wananchi kati ya maadili ya taifa. Ibara ya 35 ni ya habari. Ibara ya 55 ni ya vijana, inaitaka serikali ihakikishe wanapata nafasi ya kushirikishwa. Ongeza Sheria ya Maji ya 2016, ambayo ndiyo iliyochukua nafasi ya ile ya 2002 ili iendane na ugatuzi.

Usomaji wangu ulikuwa wa ukurasa mmoja asubuhi, kwenye matatu, Jogoo Road ikiwa imeziba. Kila kifungu nilikiandika upya kwa Kiswahili cha nyumbani. Nisipoweza kukieleza kwa mama anayeuza mboga mlangoni petu, basi sijakielewa. Si lazima uwe wakili.

Hatua ya 4: Andika barua ya kuomba habari

Watu wengi huruka hatua hii kwa kuwa haina picha ya kuweka mtandaoni. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuomba habari kwa taasisi ya umma kwa maandishi, kwa Kiingereza au Kiswahili, bila kulazimishwa kueleza sababu. Kupeleka ombi hakulipiwi. Unaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala. Mkuu wa taasisi ndiye afisa wa habari kisheria, kwa hivyo hata usipojua jina la mtu, barua yako ina mwenyewe. Wana siku 21 za kujibu.

Barua iwe fupi. Yangu ya kwanza iliyojibiwa ilikuwa hivi, nimeondoa tu jina la wadi:

"Kwa mujibu wa Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba nakala za zifuatazo: ratiba ya mgao wa maji katika wadi hii kuanzia Januari hadi Juni, orodha ya vioski vya maji vilivyosajiliwa katika wadi na bei iliyoidhinishwa kwa mtungi wa lita 20, na kiasi cha fedha kilichotengwa na kilichotumika kukarabati mabomba ya wadi katika mwaka wa fedha uliopita."

Vitu vitatu tu, vyenye tarehe na mahali. Ukiomba "habari zote kuhusu maji Nairobi" utapewa kijitabu cha matangazo. Chapisha nakala mbili, peleka mwenyewe, na usiondoke bila muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Katibu akikwambia muhuri umefungiwa, kaa kwenye benchi usubiri. Wengine hurudi nyumbani wakiwa na tabasamu la katibu badala ya muhuri, na siku 21 haziwezi kuhesabiwa kutoka kwenye tabasamu.

Wakinyamaza, una siku 30 za kuomba uamuzi huo upitiwe na Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita ofisi ya Ombudsman. Andika kwa utulivu, bila matusi, uambatishe nakala yenye muhuri.

Hatua ya 5: Ishi kwa kalenda ya bajeti

Ukitaka kujua kama kaunti inataka kuleta maji mtaani kwenu, usiulize hotuba, tazama makadirio. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe, na tarehe hizo ziandike ukutani: ifikapo 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka unafika kwenye bunge la kaunti; 28 Februari, waraka wa mkakati wa fedha; 30 Aprili, makadirio ya bajeti; 30 Juni, mwaka unafungwa. Juu ya yote upo mpango wa miaka mitano wa kaunti, wa sasa ukiwa wa 2023 hadi 2027. Mradi usiokuwemo humo hupata fedha kwa shida, hata mwakilishi wa wadi akiapa kwa jina la mamake.

Kosa la vijana wengi ni kufika Juni wakiwa na mabango. Juni unga umeshakandwa. Nafasi ya kuingiza bomba lako ni Agosti, mpango wa mwaka unapoandikwa, na Februari, mgao wa kila idara unapowekewa mipaka.

Tangazo la kikao cha wananchi mara nyingi hutoka siku chache kabla, gazetini au kwenye mtandao wa kaunti, na kikao hufanyika kwenye ukumbi wa jamii saa ambayo watu wako kazini. Nenda hata hivyo. Utapewa dakika mbili, pengine tatu, baada ya wazee na baada ya yule jamaa ambaye husimama kila kikao kulalamikia taa za barabarani. Kwa hivyo usitegemee mdomo. Beba waraka wa kurasa mbili: tatizo kwa sentensi moja, hesabu za daftari lako, kifungu cha sheria, unachotaka kifanyike, kwa kiasi gani, na ukurasa upi wa makadirio ubadilishwe. Ukabidhi, upate muhuri. Dakika zako mbili zitumie kusema namba moja tu. Mimi nilisema: "Mama yangu hulipa shilingi 1,000 kwa maji ambayo ofisini kwenu mnayalipia chini ya robo yake." Ukumbi ulinyamaza, kisha mzee mmoja nyuma akasema, "Endelea, kijana," na mwenyekiti akaniongezea dakika.

Ikibidi kwenda mbali zaidi, kuna ardhilhali. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lililo katika mamlaka yake, na mabunge ya kaunti nayo yanapokea maombi ya aina hiyo. Lazima useme umeshajaribu wapi kabla ya kufika kwao. Hapo ndipo zile nakala zenye mihuri zinapolipa.

Hatua ya 6: Usisajili shirika lako

Angalau si mwaka wa kwanza. Nairobi ina vikundi vya vijana vya maji vingi kuliko mifereji inayotoa maji, na nusu yake ni mwenyekiti, katibu na fulana. Kusajili kikundi kwa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 si kazi ngumu. Ngumu ni kuwa na jambo la kufanya siku ya pili.

Jiunge na walioanza kabla yako. Muungano wa Wanavijiji, mtandao wa wakazi wa mitaa ya mabanda, upo tangu 1996, umezaliwa katika vita vya kubomolewa vibanda. Mukuru, mitaa ya mabanda hapa Nairobi, ndiko darasa ninalowapendekezea wote. Mwaka 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalum la mipango, na tangazo hilo halikudondoka kutoka mbinguni. Wakazi wenyewe walikuwa wamejihesabu, wamepima, na wameonyesha kwa tarakimu kwamba maskini wa Mukuru analipia maji na stima ghali kuliko tajiri wa mtaa wa jirani. Zaidi ya kaya 100,000 zikaingia kwenye mpango mmoja, na baadaye mabomba ya maji taka ya gharama nafuu yakaanza kupita kwenye vichochoro ambavyo wahandisi walikuwa wakisema havipitiki. Tafuta mtu aliyekuwemo, umnunulie chai, umsikilize. Mkiketi na wazee, mzee kwanza. Hoja yako nzuri haitaharibika kwa kusubiri robo saa.

Kwa upande wa mito, zipo jumuiya za watumiaji wa maji ambazo Sheria ya Maji inazitambua. Hukaa kwenye vyanzo, mara nyingi zina wazee wengi na mtu mmoja anayejua kompyuta. Kuwa wa pili.

Masomo na mkate

Huulizwa sana: nisomee nini? Uhandisi wa maji, mazingira, afya ya jamii, sheria, uchumi na mipango miji, zote zinaingia. Taasisi ya Maji ya Kenya pale South C inafundisha cheti na stashahada kwa watu wanaotaka kushika spana na kupima ubora wa maji, na kwa kweli mtu wa sera anayeweza kusoma mita ni adimu na hupendwa. Sera si somo moja. Ni uwezo wa kusoma jedwali la fedha, kuandika kurasa mbili zinazoeleweka, na kukaa kwenye mkutano wa saa nne bila kukasirika.

Kazi ziko wapi? Kwenye idara za kaunti, kampuni za maji, WASREB na WRA, wizara pale Maji House, kwenye mashirika ya kiraia na mtandao wao wa KEWASNET, na kwa washauri wanaokodishwa kwa miradi. Nafasi za serikali hutangazwa, hujazwa polepole, na hudumu. Za mashirika huja kwa mikataba ya mwaka mmoja au miwili, na mfadhili akigeuza uso nawe unageuzwa. Ripoti ya kila mwaka ya WASREB kuhusu kampuni zote za maji isome kabla ya usaili wowote. Ukiwa na habari kwamba karibu nusu ya maji yanayoingia kwenye mabomba ya Nairobi hupotea au hayalipiwi, na ukaweza kutofautisha bomba lililopasuka na bomba linaloibiwa maji, umeshawapita wengi waliokaa kwenye kochi hilo la mapokezi.

Miaka miwili ya kwanza usitegemee mshahara. Mimi nilikuwa nikifundisha hesabu watoto wa darasa la nane jioni. Nauli ya mikutano iliingia kwenye bajeti ya ugali, na aliye nyumbani lazima umweleze mapema, asije akadhani unazurura.

Mikutano ya ng'ambo

Itakuja. Tarehe 22 Machi ni siku ya maji duniani, na Gigiri, zilipo ofisi za Umoja wa Mataifa, ipo hapa hapa kwetu. Kongamano la dunia la maji lilikuwa Dakar 2022, likawa Bali 2024. Umoja wa Mataifa uliitisha mkutano wake wa maji New York Machi 2023, wa kwanza wa ukubwa huo tangu Mar del Plata, Argentina, 1977. Siku moja barua pepe itakwambia umechaguliwa kuwakilisha vijana.

Kabla hujaruka kwa furaha, uliza mambo matatu: nitazungumza au nitakaa tu? Nani aliandika msimamo nitakaousoma? Nikirudi, nitamripotia nani mtaani? Shirika moja lilinipeleka nchi ya watu siku tano. Nilivalishwa fulana, nikapigwa picha nikiwa na gilasi ya maji mkononi, na hotuba niliyopewa ilitaja mtaa wetu kwa jina ambalo si lake. Niliisoma hivyo hivyo. Jambo hilo bado linaniuma.

Ukipata safari nzuri, nenda, ukae na wale wa Dar es Salaam na Kampala wakati wa chakula, uwaulize bei ya ndoo kwao. Mambo mengi niliyoyatumia baadaye niliyapata mezani, si ukumbini.

Wenye mabomba

Mtaani maji ni biashara, na biashara ina wenyewe. Mifereji ya plastiki inayopita juu ya mitaro kama tambi ina mtu aliyeilaza, mtu anayemlipa, na wakati mwingine mtu wa ofisini anayejua. Usiende kupiga picha maunganisho peke yako. Usiongoze vijana kukata bomba la mtu. Siku hiyo utakuwa umewakatia maji mama mia mbili, na wewe ndiwe utakayelaumiwa. Nenda wawili, mchana, mjulishe mzee wa mtaa kwamba unafanya utafiti wa bei, na zungumza na wauzaji kama watu wanaolisha watoto wao, maana ndivyo walivyo. Muuzaji mmoja wa Huruma ndiye aliyenifundisha kutambua kwa kusikia tu, sikio likiwa kwenye bomba, kama maji yatafika baada ya saa moja au hayaji kabisa leo. Hakuna kozi ya namna hiyo.

Ukitishwa, simama, waambie wenzako, andika tarehe na maneno yaliyosemwa, na uone kama kituo cha haki za jamii kilicho karibu kinaweza kukusindikiza kuripoti.

Siku ya miaka 35

Katiba, Ibara ya 260, inamtambua kijana kuwa aliyefika miaka 18 na hajafika 35. Ukianza ukiwa na 24, una miaka kumi na moja ya kuitwa kijana. Baada ya hapo viti vya vijana si vyako, na kung'ang'ania ni aibu. Tunawajua wenye miaka 42 ambao bado ni "viongozi wa vijana". Kwa hivyo tangu mwaka wa tatu tafuta wa kumkabidhi. Umpe daftari, umpe nakala za mihuri, umtambulishe kwa katibu wa ile ofisi ya benchi.

Wangu nilimpata kwenye foleni ya mtungi. Ana miaka 21, anasomea takwimu, na wiki ya kwanza tu alilirudisha daftari langu akiwa ameongeza safu ambayo sikuwahi kuifikiria kwa miaka yote: nani anabeba mtungi, na ana umri gani.